Nani Achore Grafu, Mtoto au Tarakilishi?

Ndugu msomaji, leo tuache kidogo mambo ya seva na lugha za programu, tuzungumze kuhusu watoto. Fungua zoezi lolote la kidijitali la kumfunza mtoto wa gredi ya kwanza au ya pili grafu. Mara nyingi utakuta maembe, ndizi na machungwa juu ya nguzo za rangi. Chini yake pana swali: ni tunda lipi linalopendwa na watoto wengi zaidi? Mtoto anagusa nguzo ndefu, nyota inametameta, muziki unalia, anapelekwa swali linalofuata.

Hakuna ubaya hapo. Lakini jiulize, nani aliwauliza hao watoto wanapenda tunda gani? Nani aliwahesabu? Nani aliamua nguzo ifike wapi? Si mtoto aliyeshika kifaa. Kazi yote ilikwisha kabla yeye hajafika, na huenda aliyeifanya ni mwandaaji programu aliyejibunia nambari akiwa kwenye kiti chake.

Sisi tunaoandika programu hupenda kudhani mambo haya yalianza na tabuleti. La hasha! Yana historia ndefu, na historia hiyo imekuwa ikizunguka swali moja: katika kufundisha grafu, mtoto aachiwe kazi gani na mashine ipewe gani?

KIPIMAJOTO CHA PLAYFAIR

Mtu anayetajwa sana katika asili ya grafu za takwimu ni William Playfair, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1759. Mwaka 1786 alitoa kitabu chenye grafu za mistari kuhusu bidhaa zilizoingia na kutoka Uingereza mwaka hadi mwaka. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na grafu moja tu ya nguzo, kuhusu biashara ya Scotland. Kwa nini nguzo? Kwa sababu kwa Scotland alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja hauwezi kuchora mstari. Yaani hii grafu ya nguzo tunayomfunza kila mtoto ilizaliwa na upungufu wa data. Chati duara aliileta mwaka 1801.

Lakini mimi navutiwa zaidi na utoto wake. Baba yao alipofariki, alilelewa na kaka yake John, aliyekuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa hisabati. Playfair mwenyewe aliandika baadaye kwamba kaka huyo alimfanya aweke kumbukumbu za kipimajoto, akionyesha mabadiliko ya joto kwa mistari kwenye kipimo. Tazama mpangilio wa kazi hiyo: kijana anasoma kipimo, anaandika, anachora, ndipo anaona umbo. Hakukabidhiwa grafu iliyokwisha pikwa.

PICHA MOJA, HESABU MOJA

Turuke hadi Vienna, Austria, mwaka 1925. Huko Otto Neurath alifungua jumba la makumbusho la jamii na uchumi. Alitaka mfanyakazi wa kawaida aelewe takwimu za nyumba, magonjwa na ajira za mji wake. Akafanya kazi na Marie Reidemeister, ambaye baadaye alikuwa mkewe na aliyekuwa hodari wa kugeuza majedwali kuwa mpango wa picha, na mchoraji Gerd Arntz. Mwaka 1935 mtindo wao ulipewa jina la Isotype. Ulitumika pia katika shule za Vienna.

Kanuni yao kuu ni rahisi: kitu kikiongezeka, ongeza idadi ya picha, usiikuze picha. Ukitaka kuonyesha ng'ombe mara mbili, chora ng'ombe wawili wenye ukubwa sawa. Ukichora ng'ombe mmoja mwenye kimo mara mbili na urefu mara mbili, eneo lake kwenye karatasi linakuwa mara nne, na jicho linadanganyika. Mtoto wa miaka sita hawezi kukueleza habari za eneo, lakini anaweza kuhesabu ng'ombe.

Neurath alifariki mwaka 1945 huko Uingereza, walikokimbilia vita. Marie aliendelea na kazi, akatoa vitabu vingi vya watoto, na katika miaka ya 1950 akafanya kazi na serikali ya Nigeria ya Magharibi kuandaa vijitabu vya picha kwa raia. Kwa hivyo wazo hili lilitia mguu Afrika kabla ya tarakilishi ya shule hata moja.

MASHINE YAANZA KUCHORA

Kisha tarakilishi zikaingia madarasani. Jimbo la Minnesota, Marekani, liliunda shirika la tarakilishi za elimu, MECC, mwaka 1973, na miaka iliyofuata programu zake zilienea katika shule nyingi kwenye mashine za Apple II. Upande wa ofisi, VisiCalc ilileta lahajedwali mwaka 1979, na mwaka 1983 Lotus 1-2-3 ikaunganisha lahajedwali na grafu. Andika nambari, bonyeza vitufe viwili vitatu, grafu hiyo hapo!

Kwa mhasibu hii ilikuwa neema. Kwa mtoto ilikuwa neema yenye mwiba, kwa sababu sehemu iliyomwonyesha grafu ni nini hasa ndiyo iliyotoweka. Nambari ziliingia upande mmoja, nguzo zikatokea upande wa pili, na katikati pakawa na giza.

Lakini kuna waliotumia kasi ya mashine kwa akili. Robert Tinker na wenzake wa shirika la TERC huko Massachusetts waliunganisha vipimo vya joto na mwendo kwenye tarakilishi. Mwanafunzi akitembea mbele ya kihisio, grafu ya mwendo wake inajichora papo hapo. Mwaka 1987 Heather Brasell alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari waliotumia vifaa vya aina hii. Grafu ikichelewa kwa nusu dakika tu, sehemu kubwa ya faida ilipotea. Kasi ilifaa kwa sababu mwili wa mwanafunzi mwenyewe ndio uliokuwa data.

Mwaka 1989 TERC wakishirikiana na National Geographic walianzisha Kids Network. Watoto wa shule za msingi walihesabu wanyama wanaofugwa nyumbani kwao au kupima asidi katika maji ya mvua, wakatuma matokeo kwa modemu, na tarakilishi kuu ikayaunganisha na kuyarudisha kwa shule zote. Mtoto alijua nambari moja katika ile ramani ni yake. Mwaka huohuo baraza la walimu wa hisabati la Marekani, NCTM, lilitoa viwango vilivyotaka takwimu zifunzwe tangu chekechea.

PROGRAMU ZILIZOELEWA

Miaka ya 1990 ilileta programu ambazo ningependa kila mwandaaji programu wa elimu azichunguze. The Graph Club ya Tom Snyder Productions iliweka grafu mbili za data zilezile bega kwa bega, mathalani ya picha na ya nguzo. Mtoto akibadilisha moja, nyingine inabadilika. Bila maelezo marefu anaona kwamba nguzo ni rundo la picha lililovuliwa sura. Tabletop ya Chris Hancock wa TERC ilimpa kila mtu au kitu kwenye data alama yake, na alama hizo zilisogea kwenye skrini kila mtoto alipobadilisha swali.

Halafu mwaka 2005 ikaja TinkerPlots, ya Clifford Konold na Craig Miller wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Hii haikuwa na orodha ya grafu za kuchagua. Mtoto alianza na vidoto vilivyotawanyika ovyo. Alivitenganisha, akavipanga kwa mfuatano, akavirundika. Grafu ilipatikana mwishoni kama matokeo ya uamuzi wake mwenyewe, na kidoto kimoja ukikigusa bado ni mtu mmoja mwenye jina.

MAFURIKO YA WAVUTI

Wakati huohuo wavuti ilikuwa inakua. Chuo Kikuu cha Utah State kilianzisha maktaba ya vifaa pepe vya hisabati mwaka 1999 kwa kutumia Java, na humo mtoto aliweza kujenga nguzo zake. Kisha Flash ikafungua milango, na mazoezi ya grafu yakafurika kila kona. Mengi yalikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne.

Sababu naielewa vizuri. Kukagua kama kitufe sahihi kimebofywa ni mstari mmoja wa msimbo. Kusikiliza mtoto akieleza kwa nini watoto wengi wanakuja shuleni kwa miguu hakuna msimbo wake. Tukapima kilichokuwa rahisi kupima. Huko nyuma, mwaka 1987, Frances Curcio alikuwa ametofautisha ngazi tatu za kusoma grafu: kusoma kilichoandikwa, kusoma kati ya data kwa kulinganisha, na kusoma kupita data kwa kukisia yasiyochorwa. Mafuriko ya Flash yalijaza ngazi ya kwanza na kidogo ya pili.

Halafu maji yakakauka. Kivinjari cha Chrome kiliacha kuendesha Java mwaka 2015, na Flash ikazikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Walimu waliozoea kurasa zao walikuta masanduku ya kijivu. Baadhi ya kazi zimeokolewa kwa Ruffle, programu inayoiga Flash, lakini nyingine zimeenda na maji, nzuri kwa mbaya.

NA HAPA KWETU?

Kenya ilianza kusambaza tabuleti kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, na vifaa vilivyofika shuleni vilizidi milioni 1. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Lakini chombo cha data ambacho mtoto wetu amekuwa nacho kabla ya hapo ni ile chati ya hali ya hewa ukutani: jua, mawingu, mvua, upepo. Kila asubuhi mtoto mmoja hutazama nje na kuweka alama. Huyo anafanya kazi ileile ya Playfair na kipimajoto chake. Mwisho wa mwezi, vifuniko vya soda vikipangwa safu safu sakafuni, kifuniko kimoja kwa siku moja, kanuni ya Neurath imetimia bila umeme.

Kwa hivyo kama unaandaa programu ya aina hii, anza pale chati ya ukutani inapoishia. Mwache mtoto aingize hesabu zake mwenyewe, kimoja kimoja. Kila kipande cha nguzo kiguswe na kijibu kimetoka kwa nani au siku gani. Nguzo zianze kwenye sifuri. Mtoto akirundika vibaya, usimzomee kwa mlio, weka rundo lake kando ya la mwenzake wabishane. Programu ifanye kazi bila intaneti, na data zake zihifadhiwe kwenye faili la maandishi ya kawaida, ili siku teknolojia unayoisifia leo ikifuata Flash kaburini, hesabu za mvua za gredi ya pili zibaki zinasomeka.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Kazi kwenu, waandaaji programu.