Kaya Namba 127

Mwenyekiti wa kitongoji alinionea huruma. Alitazama orodha yangu, akatazama ndala zangu, akasema: "Mwanangu, hiyo kaya namba 127 iache. Iko mbali, huko porini, na mama mwenyewe hana la kukueleza. Nitakupa mzee wa hapa jirani, anajieleza vizuri."

Tulikuwa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, tukiuliza watu juu ya huzuni, wasiwasi na usingizi wao. Kijiji kilikuwa na kaya 240, nasi tulitakiwa kuhoji 12. Gawanya, unapata 20. Tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavikunja, mtoto mmoja akaokota 7. Basi zikafuata 27, 47, 67, hadi 127 ikaangukia nyumba ya mwisho kabla miombo haijafunga. Nilimshukuru mwenyekiti, nikamwambia nitakwenda. Sikuwa mkaidi. Nilikuwa namkumbuka Snay bin Amir.

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, kando ya mji tunaouita Tabora leo, siku 134 tangu uondoke pwani. Snay, mfanyabiashara Mwarabu wa ukoo wa Harthi, aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Burton alikijua Kiarabu barabara, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Mwaka uliofuata, akiwa amerudi kutoka Ujiji, alimwacha Speke aende kaskazini, ambako aliliona ziwa la Nyanza tarehe 3 Agosti, na Burton mwenyewe akabaki Kaze kukusanya habari. Karagwe, Buganda na Bunyoro, nchi ambazo hakuzikanyaga, alizieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Habari zile zilitoka barazani kwa Snay.

Namheshimu Snay. Aliwahi kufika Buganda kwa Kabaka Suna, na habari ya ziwa kubwa la kaskazini ilikuwa ya kweli. Shida haikuwa uongo wake. Shida ni kwamba yeye na wenzake walikuwa watu wa pembe za ndovu, nguo na watumwa, na walichokijua juu ya Mnyamwezi ni kile ambacho mfanyabiashara hukijua: anadai ujira gani, anabeba mzigo kiasi gani, anatoroka lini. Mama aliyekuwa akilima mtama nusu siku kutoka hapo hakuwahi kukaa kwenye lile baraza. Hata njia yenyewe, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe na kuteremka Ujiji, ilikuwa kijia cha kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine. Kwa miaka mingi, Ulaya ilichokijua juu ya watu wa huku kilikuwa na upana wa kijia hicho. Robert Chambers, aliyewahi kuwa mtawala wa wilaya nchini Kenya, aliandika mwaka 1983 juu ya wageni wanaokagua umaskini wa vijijini bila kuiacha barabara ya lami. Niliposoma hayo nilisema moyoni: sisi wa Tabora tunaijua barabara hiyo tangu haijawekwa lami.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Burton hakuishia kwenye bei na masafa, alihukumu tabia pia. Aliwaandika wapagazi kuwa wakaidi na watoro, kana kwamba amepima nafsi zao. Lakini aliwapima wakiwa na mizigo mabegani, wenye njaa, chini ya mtu mgonjwa aliyekuwa na haraka. Mnyamwezi alisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zikianza. Anayetua mzigo Novemba ili awahi shamba lake si mtoro, ni mkulima. Ili kujua kama ukaidi ni wa mtu au ni wa hali aliyomo, ungelazimika kumtazama mpagazi yuleyule nyumbani kwake wakati wa mavuno, au kulinganisha wapagazi walioshiba na wenye njaa, tena kura ndiyo iamue nani aingie kundi lipi, asiamue mpimaji. Ronald Fisher alilifafanua hilo katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya usanifu wa majaribio. Burton hakuwa na kundi la kulinganishia. Alikuwa na hasira na kalamu.

Nisimwonee yeye peke yake. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akatembelea nyumba za akina mama karibu na Kampala ili aone mtoto mchanga anavyojifunga kwa mama yake. Familia zilikuwa 26, watoto 28. Hazikupatikana kwa kura, na idadi ni ndogo. Lakini alirudi kwao tena na tena kwa miezi mingi, akakaa, akatazama mtoto anavyolia mama akiinuka. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilizaa sehemu kubwa ya yale ambayo saikolojia inafundisha leo juu ya mtoto na mlezi wake. Sampuli ndogo iliyotazamwa kwa subira naithamini kuliko kubwa ya harakaharaka, mradi mtu asitangaze kuwa amewaona akina mama wote wa dunia.

Na wapo wanaotangaza hivyo. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu makala za majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa ni watu wa nchi za viwanda za Magharibi, ambazo wakati huo zilikuwa na asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Hilo nalo ni baraza, ila limejengwa chuo kikuu.

Nilifika kaya namba 127 saa sita kasoro. Mume alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Mwenyekiti alikuwa amenisindikiza, akavuta kigoda, akakaa karibu yetu. Nilimwomba kwa adabu akapumzike chini ya mwembe, kwa kuwa nimeona mara nyingi jibu la "nalala vizuri" likigeuka mkubwa akishaondoka. Maswali yalitaka kiwango: hapana, kidogo, wastani, sana. Nilimwekea yule mama punje nne za mahindi juu ya ungo, azisogeze badala ya kutafuta maneno.

"Kwa nini mimi?" aliniuliza. "Mwenyekiti ana wake wawili, wote wanajua kusema."

Nilimweleza habari ya vikaratasi, na mtoto aliyeokota namba 7.

"Kwa hiyo hakuna aliyenichagua?"

"Hakuna, mama."

Alikaa kimya, akachukua punje tatu, akazisogeza upande wangu kabla sijauliza swali la kwanza.