Mahakama Iliyotegemea Kinywa cha Mwanamke: Desturi ya Smarthavicharam na Filamu ya Parinayam

Filamu ya Parinayam, iliyotolewa mwaka 1994 chini ya uongozi wa Hariharan na kwa muswada wa mwandishi M. T. Vasudevan Nair, ni miongoni mwa filamu za Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala huko kusini-magharibi mwa India, zilizothubutu kulifukua shauri ambalo wazee wengi wangependa libaki limezikwa. Kisa chake kinamhusu Unnimaya, msichana anayeozwa mzee mwenye wake wengine, anayebaki mjane angali kijana, na ambaye, baada ya kupata ujauzito kwa mwigizaji wa kathakali, yaani tamthilia ya ngoma na ishara za mikono, anahukumiwa na kutengwa na jamii yake. Hukumu hiyo haikubuniwa na mwandishi wa filamu, kwa maana msingi wake ni smarthavicharam, baraza la kuchunguza usafi wa wanawake wa Kinambudiri, lililodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Wanambudiri walikuwa Wabrahmani, yaani tabaka la makuhani katika Uhindu, nao walimiliki sehemu kubwa ya ardhi katika Malabar, Kochi na Travancore, maeneo ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo yaliyounda jimbo la Kerala mwaka 1956. Ili mali ya illam, yaani nyumba ya ukoo pamoja na ardhi yake, isigawanyike, desturi ilimruhusu mwana wa kwanza peke yake kuoa ndani ya jamii, huku wadogo zake wakiingia katika sambandham, uhusiano unaotambuliwa na jamii kati yao na wanawake wa jamii ya Nair, ambao watoto wao walirithi upande wa mama na kwa hiyo hawakuwa na dai lolote katika mali ya baba. Mpango huo ulilinda mashamba, lakini gharama yake ililipwa na mabinti, kwa kuwa waoaji walikuwa wachache kuliko waolewaji, na matokeo yake wengi waliozwa wazee wakiwa wake wa pili au wa tatu, wengine walizeeka bila kuolewa, na waliofiwa na waume hawakuruhusiwa kuolewa tena hata kama walikuwa bado watoto.

Mwanamke wa jamii hiyo aliitwa antarjanam, yaani mtu wa ndani, na maisha yake yalikuwa ya kutawa. Alipolazimika kutoka alijifunika shuka, akauficha uso kwa mwavuli mpana wa makuti, na kutanguliwa na mtumishi wa kike aliyewatahadharisha wapita njia. Ulinzi huo ulikuwa na sababu iliyo wazi, kwa kuwa mtoto wa mke wa mwana wa kwanza ndiye aliyekuwa mrithi, na shaka yoyote juu ya baba yake ilikuwa shaka juu ya ukoo mzima na juu ya hati yake ya kumiliki ardhi.

Shaka ilipozuka, jambo la kwanza lilikuwa kumhoji mtumishi, na maneno yake yakionekana kuithibitisha, mwanamke alihamishiwa katika kibanda cha peke yake, na tangu hapo aliitwa sadhanam, yaani kitu, mpaka shauri limalizike. Jamaa walipeleka taarifa kwa mfalme, ambaye aliidhinisha baraza likae chini ya smarthan, mjuzi wa sheria za dini, akisaidiwa na wataalamu wengine pamoja na wawakilishi wa mfalme mwenyewe. Mahojiano yaliendeshwa kwanza kupitia mtumishi, mwanamke akiwa amefichwa asionekane, na yaliweza kuendelea kwa miezi huku familia ikiwalisha wageni wote. Mwanamke alipokiri, stara iliondolewa na akahojiwa ana kwa ana ili awataje wanaume wake, kisha kutengwa kwake kulitangazwa hadharani, na jamaa zake wakamfanyia ibada za mazishi angali hai.

Utaratibu huo ulikuwa na udhaifu uliojificha ndani ya nguvu yake, kwa sababu hukumu haikukamilika bila kukiri kwa mtuhumiwa, na wanaume wa kuadhibiwa hawakujulikana ila kwa kinywa chake. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1905 katika ufalme wa Kochi, aliposhtakiwa Kuriyedath Thatri, ambaye jina lake rasmi lilikuwa Savitri. Thatri aliwataja wanaume zaidi ya 60, wakiwemo wasomi, wasanii na watu wa ukoo wake, na inaelezwa kuwa alitoa hata alama za miili yao kuwa ushahidi. Mfalme Rama Varma, akiwa ameelemewa na malalamiko ya wakubwa waliotajwa, aliwaruhusu wamhoji wao wenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida, lakini hilo halikuwaokoa, nao walitengwa pamoja naye. Masimulizi ya mitaani yaliongeza kwamba baraza lilifungwa haraka kwa hofu kuwa jina lililofuata lingekuwa la mfalme, na ingawa hayo ni masimulizi tu, kuenea kwake kunaonyesha jinsi imani ya watu katika baraza hilo ilivyokuwa imetikisika.

Baada ya shauri hilo mageuzi yalianza kutoka ndani ya jamii yenyewe. Chama cha Yogakshema Sabha kiliundwa mwaka 1908, na mwaka 1929 mwanamageuzi V. T. Bhattathiripad aliweka jukwaani tamthilia iliyowataka wanawake watoke jikoni na kuingia ukumbini. Mwaka 1934 mwanamageuzi mwenzake, M. R. Bhattathiripad, alimwoa mjane wa Kinambudiri, ndoa iliyopingwa vikali na wahafidhina, naye mwandishi Lalithambika Antharjanam, aliyelelewa katika maisha hayo ya kutawa, alimfanya Thatri kuwa mhusika wa hadithi yake fupi. Katika kipindi hichohicho sheria iliyopitishwa Madras, mkoa wa utawala wa Waingereza uliojumuisha Malabar, kwa ajili ya eneo hilo iliwaruhusu wana wote kuoa ndani ya jamii na kudai mafungu yao katika mali ya illam.

Parinayam, iliyopata tuzo ya taifa ya India kwa filamu inayohusu masuala ya kijamii pamoja na tuzo ya muswada bora, haikumrudia Thatri moja kwa moja, bali iliigeuza silaha yake. Thatri alilishinda baraza kwa kutaja, ilhali Unnimaya analishinda kwa kunyamaza, kwa maana anakataa kumtaja Madhavan, baba wa mtoto wake, ambaye kwa upande wake anaogopa kujitokeza, na mwanamume huyo anapomjia baadaye akijutia woga wake, Unnimaya hamkubali tena. Anayemhifadhi ni Kunjunni, mtoto wa mumewe marehemu, mfuasi wa mageuzi, na kwa njia hiyo filamu inaikumbusha hadhira kwamba wapinzani wa desturi hiyo walizaliwa ndani ya nyumba zilezile zilizoilinda.

Hata hivyo, ujasiri wa mwanamke mmoja, uwe wa kusema au wa kunyamaza, haukutosha kuivunja desturi hiyo, kwa sababu Thatri alitengwa kama waliomtangulia, na mabaraza hayakukoma siku ileile. Mizizi yake ilikatwa pale wana wote waliporuhusiwa kuoa na mali ikaruhusiwa kugawanywa, kwa kuwa tangu hapo hakukuwa tena na shamba moja la ukoo la kulindwa kwa kuuchunguza mwili wa mke, na smarthan, pamoja na elimu yake yote ya maandiko, alikosa shauri la kuamua.