Darubini ya Bunduki: Jicho, Lenzi na Hukumu ya Mwenye Kulenga

Mwenye kusimama Kigongo, wilayani Misungwi, akatazama ng'ambo ya Busisi, ana maji ya kiasi cha kilomita 3 mbele yake. Kabla ya kufunguliwa kwa daraja mwezi Juni 2025, wasafiri walikuwa na muda mwingi wa kutazama huko huku wakingoja kivuko. Kwa jicho tupu kinaonekana kitu cheusi ufukweni, wala haijulikani kama ni mtu aliyeinama, ng'ombe anayekunywa maji au jiwe. Jua likipanda, hewa iliyo juu ya maji hucheza kwa mazigazi, na kile cheusi hucheza nayo.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu swali tunalotaka kulijadili limo ndani yake. Mtu akiwa na bunduki iliyofungwa darubini, na taswira iliyo mbele ya jicho lake haijakaa sawa, kisha akafyatua risasi, ana udhuru gani? Wawindaji wa kanda hii, na askari wa wanyamapori wanaoitwa pale kiboko au mamba anaposumbua watu, wanakutana na swali hili kwa vitendo. Mafakihi walikutana nalo kabla darubini haijakuwapo duniani.

Ndugu msomaji, elimu ya kuona ina mtu wake katika historia ya Uislamu, naye ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 Hijria (965) na kufariki Cairo karibu na mwaka 430 (1040). Waandishi wa tarehe wanasimulia kwamba alidai anaweza kuyatawala maji ya Mto Nile, basi Khalifa al-Hakim akamwita Misri. Alipofika upande wa Aswan na kuuona mto wenyewe, alijua kwamba jambo lile haliwezekani. Kwa kumwogopa Khalifa akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipokufa. Mto uliomshinda ni huu huu unaolishwa na ziwa letu, naye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Katika miaka ile ndipo alipoandika Kitabu al-Manadhir, chenye juzuu 7. Wayunani wakubwa kama Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miali ikakigusa kitu. Ibn al-Haytham alithibitisha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Lakini lililo muhimu kwa mada yetu ni jambo la pili, ambalo watu hulitaja kwa uchache. Alisema kuona hakukamiliki kwa nuru kuingia tu, bali akili hupambanua, hulinganisha na hutoa hukumu. Akaweka masharti 8 ya kuona sawasawa: umbali wa kiasi, kitu kuwa mkabala na jicho, nuru ya kutosha, ukubwa wa kitu, kitu kuwa si chenye kupenya nuru kabisa, hewa safi iliyo kati, muda wa kutazama, na uzima wa jicho. Likitoka mojawapo katika kiasi chake, jicho hukosea, na akili hutoa hukumu juu ya kosa.

Wako wanaopenda kusema kwamba Waislamu ndio waliobuni darubini. Sisi hatuoni dalili ya kutosha, na Ibn al-Haytham hana haja ya sifa ya kuazima. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapwa Basel mwaka 1572. Darubini ilidhihiri Uholanzi mwaka 1608 kwa Hans Lipperhey, aliyeiombea hati. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza darubini ya lenzi mbili za mbinuko, ambayo ndani yake kuna mahali taswira inapokusanyika. Karibu na mwaka 1640 Mwingereza William Gascoigne akatambua kwamba uzi mwembamba ukiwekwa mahali pale pale, jicho litauona uzi na kitu cha mbali kwa pamoja. Huo ndio msingi wa darubini ya bunduki. Ilianza kufungwa juu ya mitutu huko Marekani katika miaka ya 1830 na 1840, na ikatumika katika vita vyao vya 1861 hadi 1865.

Basi mwenye kutumia chombo hiki ana vitu viwili vya kusawazisha, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni nyuzi za kulengea. Bunduki ikiwa haina risasi, mtu huelekeza darubini kwenye anga tupu au ukuta mweupe, hutazama kwa sekunde mbili au tatu tu, kisha huondoa jicho na kuizungusha pete ya lenzi iliyo upande wa jicho, mpaka nyuzi zionekane kali mara tu anapotazama. Haifai kukaza macho kwa muda mrefu, kwa sababu jicho hujirekebisha lenyewe na kumdanganya mwenye nalo kwamba kila kitu kiko sawa, kumbe baada ya muda litachoka na nyuzi zitafifia. Cha pili ni taswira ya kitu chenyewe, ambayo katika darubini nyingi kubwa husawazishwa kwa kitufe cha pembeni kulingana na umbali. Kipimo chake ni kusogeza kichwa kidogo bila kuigusa bunduki: nyuzi zikionekana kuhama juu ya kitu, taswira na nyuzi haviko mahali pamoja, na risasi haitakwenda panapoonekana. Jicho nalo hukaa kiasi cha sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye lenzi. Likiwa karibu au mbali zaidi, kivuli cheusi huzunguka pembeni, na likiwa karibu mno bunduki itakapopiga teke itampasua mtu nyusi.

Hata hayo yote yakitimia, mazigazi ya adhuhuri hubaki, na kuongeza ukuzaji wa darubini huyakuza nayo. Hewa iliyo kati na muda wa kutazama ni miongoni mwa yale masharti 8.

Historia ya kanda yetu ina mfano wa sharti la mwisho, uzima wa jicho. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari, na Speke alikuwa na maradhi ya macho kiasi kwamba Ziwa Tanganyika alilifikia bila kuliona vizuri. Waliporudi Kazeh, yaani Tabora, Waarabu waliokuwa pale, hasa Snay bin Amir, waliwaeleza habari za ziwa kubwa zaidi upande wa kaskazini. Speke akaenda peke yake na msafara wake. Tarehe 30 Julai aliuona mkono wa ziwa, hii ghuba ambayo Misungwi iko ufukweni mwake, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa lenyewe kutoka kilimani Mwanza. Hakulizunguka, lakini alihukumu palepale kwamba ndilo chimbuko la Nile. Burton alimpinga kwa miaka, na kwa upande wa hoja Burton alikuwa na haki, kwa kuwa mtazamo mmoja wa kilimani hauthibitishi mto ulio mamia ya kilomita mbali. Speke alirudi, na mwaka 1862 akayaona maji yakitoka upande wa Jinja. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864 huko Uingereza akiwa katika kuwinda, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe. Uchunguzi ulisema ni ajali.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Mafakihi wanapotaka kueleza kuua kwa makosa, mfano wao wa kawaida ni mtu aliyempiga mnyama wa mawindo risasi au mshale ukampata mwanadamu. Hukumu yake imo katika Suratun-Nisaa aya ya 92: kafara juu ya muuaji, na dia kwa warithi wa aliyeuawa, ambayo hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Aya ya 93 inahusu anayeua kwa kusudi. Aya ya 94 inawaamrisha waumini wahakikishe kabla ya kumshambulia mtu. Sisi tunaona mpangilio huu una mafunzo kwa mwenye kulenga. Kafara na dia humlazimu hata asiye na dhambi. Lakini aliyekuwa na njia ya kuhakikisha akaiacha, akafyatua juu ya taswira yenye ukungu kwa haraka ya kutaka nyama, huyo ana kafara, na ana uzembe wa kuulizwa pia.

Hapa kuna kosa ambalo limeenea, nalo ni kuitumia darubini ya bunduki kutafutia. Mtu husikia mchakacho kwenye matete, akainua bunduki ili aone ni nini. Darubini inapoelekea, mtutu umeelekea. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwani hajui huenda shetani akaivuta kutoka mkononi mwake, na hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Cha kutafutia ni darubini ya mkononi, na bunduki huinuliwa baada ya kujulikana kilichopo.

Ama mnyama mwenyewe (na hapa tunamkusudia mwindaji mwenye kibali, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi), wanavyuoni walihitilafiana juu ya aliyeuawa kwa risasi. Asili ya mjadala ni hadithi ya Adi bin Hatim: kilichopigwa kwa ncha huliwa, na kilichouawa kwa uzito wa pigo ni mfu. Ibn Abidin katika Wahanafi aliikataa risasi ya zama zake kwa kuwa huua kwa kuunguza na kusukuma. Wamaliki wa zama za mwisho, na Shawkani wa Yemen aliyefariki mwaka 1250 Hijria, waliiruhusu kwa kuwa hupenya. Mashafi wengi walishikilia kwamba sharti awahiwe kuchinjwa, na ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakikimbia na kisu mkononi mara tu gobore linapolia.

Na ufukweni mwa ziwa kuna suala jingine. Hadithi ya Adi inasema pia kwamba windo likikutwa limezama lisiliwe, kwa sababu haijulikani limeuawa na mshale au na maji. Wanavyuoni wakabagua: likiwa limepata jeraha la kumaliza uhai, kama lililokata koo, kabla ya kuanguka majini, halidhuriwi na maji. Mwindaji aliyeona sawasawa risasi ilipoingia anaweza kulijibu swali hilo. Aliyefyatua kwenye ukungu atamwokota mnyama kwenye matete ya Misungwi, akiwa na shaka, na nyama itabaki pale pale.