Wasioandikwa: Kumbukumbu ya Meli MV Bukoba



Sisi tuishio kandokando ya maziwa twajua kwamba kwa wengi wetu maji ndiyo barabara. Kwa hiyo msiba uliotokea Ziwa Victoria, nchini Tanzania, unatuhusu pia.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, meli MV Bukoba iliondoka mji wa Bukoba, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo, kisha ikaelekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekwisha kukaribia Mwanza, iliegemea upande, ikapinduka. Walionusurika walizidi kidogo mia moja. Waliokufa wanakadiriwa na wengi kuwa zaidi ya 800.

Mbona twasema “wanakadiriwa”? Orodha ya meli ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha. Maskini walipanda bila kuandikwa, wakazama bila kuhesabiwa.

Hapo ndipo kumbukumbu ya watu ilipochukua nafasi ya daftari. Walionusurika ndio walioeleza jinsi meli ilivyojaa, na nani alikuwa kando yao. Waokoaji nao walibeba kumbukumbu iliyo nzito zaidi. Meli ilielea kwa muda, tumbo lake likiwa juu, na kutoka ndani zilisikika sauti za watu wakigonga chuma. Ikaamuliwa kutoboa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Nia ilikuwa njema. Maarifa na vifaa havikuwapo. Baadaye wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa maiti. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, mahali ambapo msiba huo hukumbukwa.

Miaka 28 ikapita. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na wasafiri wakabanana majini. Tena hesabu za viongozi hazikulingana, na tena familia zilizunguka zikiuliza majina.

Vijana, kuwakumbuka marehemu kuna kazi yake. Wafuateni walionusurika na wavuvi waliookoa watu, mwandike wanayoyasimulia kabla hawajazeeka. Mkisafiri, dai jina lako liandikwe, hata kama nauli yako ni ndogo. Na chombo kikishajaa, msione haya kushuka na kumshika mkono mwenzenu ashuke nanyi. Anayesubiri safari ya kesho hajachelewa.