Mpatanishi si Hakimu: Funzo la Mkataba wa Roma wa 1992



Ndoa inapoyumba, au ndugu wanapogombea mpaka wa shamba, waamini wengi humwendea padre, katekista au mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo. Nasi huitika upesi, tukidhani nia njema yatosha. Historia ya Msumbiji yatufundisha kwamba upatanishi una miiko yake.

Vita kati ya serikali ya Frelimo na Renamo vilianza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru. Inakadiriwa kwamba hadi kumalizika kwake watu wapatao milioni moja walipoteza maisha, wengi wao raia. Mwaka 1989 viongozi wa Makanisa ya nchi hiyo walikutana na wajumbe wa Renamo jijini Nairobi, na Rais Daniel arap Moi wa Kenya pamoja na Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe wakashika kazi ya upatanishi. Uzito wa kisiasa walikuwa nao, lakini Zimbabwe ilikuwa na askari wake ndani ya Msumbiji, wakipigana upande wa serikali. Kenya nayo ilionekana kuwa karibu na Renamo. Wahenga walinena: mwamba ngoma huvutia kwake. Mkutano uliopangwa kufanyika Blantyre, Malawi, Juni 1990, ulikwama kwa kuwa Renamo haikutokea.

Tarehe 8 Julai 1990 wajumbe wa pande zote mbili waliketi Roma, katika nyumba ya Jumuiya ya Sant'Egidio, mtaa wa Trastevere. Pamoja nao walikuwapo watu wanne: Andrea Riccardi, mwanzilishi wa jumuiya hiyo, Padre Matteo Zuppi, Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, na Mario Raffaelli, aliyewakilisha serikali ya Italia. Hawakuwa na jeshi la kumtisha yeyote. Awali waliitwa waangalizi tu. Baadaye wahusika wenyewe ndio waliowaomba wawe wapatanishi. Huo ndio mwiko wa kwanza: mamlaka ya mpatanishi hutoka kwa wanaogombana, naye hawezi kujitwalia.

Mwiko wa pili ni kutokuwa hakimu. Tamko la kwanza, la tarehe 10 Julai, halikusema nani mkosefu. Pande zote mbili zilikiri kuwa ni watu wa familia moja ya Wamsumbiji, zikakubali kutanguliza yanayounganisha kabla ya yanayotenganisha.

Mwiko wa tatu ni kujua mipaka ya ujuzi wako. Yalipofikiwa masuala ya kijeshi na kisheria, wanne wale hawakujifanya mabingwa. Waangalizi na wataalamu walialikwa kutoka Umoja wa Mataifa, Marekani, Ureno, Ufaransa na Uingereza.

Mwiko wa nne ni subira. Mazungumzo yalichukua miezi 27, na mara nyingi yalikwama. Hatimaye, tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia saini. Uchaguzi wa vyama vingi ukafuata Oktoba 1994. Mapigano yalizuka tena mwaka 2013, ikalazimu mkataba mwingine Agosti 2019. Amani ni kama shamba, haipaliliwi mara moja ikatosha.

Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa upatanishi unaotaja, pamoja na mengine, maandalizi, ridhaa ya wahusika, kutopendelea, na mapatano kuwa mali ya wenye nchi. Mengi ya hayo yalikwisha kuonekana Trastevere miaka 20 kabla.

Basi nasi tujipime. Je, wote wawili wametuomba, au mmoja tu? Kama mmoja ni ndugu au mfadhili wetu, je, tuna ujasiri wa kumwachia mwingine kazi hiyo? Tuliyoambiwa faraghani yanabaki faraghani? Na pale penye kipigo au unyanyasaji wa mtoto, tusiufanye upatanishi kuwa pazia la kumsitiri mkosaji. Hapo kwanza aliyeumizwa alindwe, na vyombo vya sheria vifanye kazi yake. Kumsihi arudi nyumbani akavumilie si kupatanisha. Ni kumwacha peke yake mbele ya mwenye nguvu.