Kabla ya Wembley, Lubumbashi

Segera, wilayani Handeni, ndipo inapogawanyika barabara itokayo Dar es Salaam: huku Tanga mjini, kule Korogwe, Moshi na Arusha. Kijana wa Handeni au Korogwe mwenye mguu wa goli hana mengi ya kuchagua hapo. Ataelekea Tanga, kwa Coastal Union waliotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, au atageuza kwenda Dar kujaribu bahati kwa Simba na Yanga. Kucheza ng'ambo ni safari nyingine kabisa.

Aliyeifungua ni Sunday Manara, yule "Computer" wa Yanga, aliyejiunga na Heracles ya Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akacheza Marekani, Austria na Dubai. Ndugu yake, Kassim, naye alifika Austria. Baada yao wengi waliopata nafasi ya kutoka walikwenda Oman na Ghuba. Hela ilikuwepo, lakini mawakala wa Ulaya hawakuwa na habari nao.

Halafu akaja Mbwana Samatta. Mtoto wa Mbagala, African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na Wakongo hao wakaondoka na jina lake kichwani. Mwaka huohuo alihamia kwao Lubumbashi, akawa huko pamoja na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu.

Kwangu mimi hapo ndipo penye historia yenyewe, ingawa watu hupenda kuanzia Uingereza. Mazembe, klabu ya Moïse Katumbi, ilikuwa na fedha na uwanja wake, na kila msimu ilicheza mechi kubwa za Afrika. Samatta alikaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuwafunga USM Alger nyumbani na ugenini, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki. Mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji ikamchukua.

Genk hawakujuta. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, wakawa mabingwa. Novemba 2019 aliwafunga Liverpool kwa kichwa, palepale Anfield.

Machi 1, 2020, ndiyo siku ambayo vibanda umiza vya nchi nzima havitaisahau: fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley, Aston Villa, klabu yake mpya, wako nyuma 2-0 kwa Manchester City. El Ghazi akapiga krosi, Samatta akajirusha mbele, mwili ukiwa karibu sambamba na nyasi, akaukuta mpira kwa kichwa. Villa walilala 2-1. Lakini alikuwa Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye fainali hiyo. Pale Villa penyewe hakudumu: mechi 16, mabao mawili, kisha Fenerbahçe, na baadaye PAOK ya Ugiriki, alikoonja ubingwa wa 2024.

Simon Msuva alipoondoka Yanga mwaka 2017, naye hakukimbilia Ulaya. Alikwenda El Jadida, Morocco, na miaka mitatu baadaye akasajiliwa na Wydad ya Casablanca.