Leseni ya Tabibu na Mipaka Yake

Kijana wa Ijuganyondo aliyetamani kuwa tabibu kabla ya Uhuru hakuelekea Dar es Salaam. Alielekea Makerere, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kwani Dar es Salaam haikuwa na chuo cha utabibu mpaka mwaka 1963, na Makerere ilikuwa imekwisha kufundisha tangu miaka ya 1920. Katika miaka ya 1950 aliyefaulu huko alipewa leseni ya utabibu na upasuaji ya Afrika ya Mashariki. Tulitazame jina hilo: halikutaja Uganda, wala Kenya, wala Tanganyika.

Jina, hata hivyo, si sheria. Waliotangulia kuhitimu Makerere waliajiriwa kuwa wasaidizi tu chini ya waganga wa Kizungu, na Baraza Kuu la Utabibu la Uingereza halikuitambua hati yao kwa ukamilifu ila mwaka 1957. Elimu ilivuka mipaka. Ruhusa ya kuitumia ilichelewa nyuma yake.

Hali hiyo imerudi kwa sura nyingine ndani ya Muungano wetu. Hati za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 ya Muungano, na afya haikuwamo, wala haimo hata leo. Elimu ya juu iliongezwa baadaye. Basi masomo ya tabibu ni jambo la Muungano, lakini leseni yake si jambo la Muungano! Zanzibar ina baraza lake la madaktari. Bara lina Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo sheria ya mwaka 2017 imeliachia jina la nchi iliyokoma mwaka 1964. Wauguzi wa bara nao wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ingawa mamlaka yake hayafiki Unguja wala Pemba. Mwanafunzi wa lugha atacheka kidogo hapa.

Maradhi hayangoji majina hayo yapatane. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 wakafa. Siku kama hizo tabibu aliyesajiliwa Zanzibar tu, hata akiwa bingwa wa maradhi hayo, kwa sheria yampasa apate kwanza idhini ya baraza la bara.

Yuko atakayeleta mfano wa Marekani, ambako kila jimbo hutoa leseni yake, na Mahakama Kuu iliyathibitishia majimbo mamlaka hayo mwaka 1889. Kweli, lakini tangu 2017 hata huko majimbo mengi yamefuata mkataba wa kumrahisishia tabibu kupata leseni ya jimbo la pili.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya Mzanzibari: afya ni jambo lake mwenyewe, na baraza dogo likiunganishwa na kubwa huenda likamezwa. Sioni kwamba hofu hiyo ni ya kupuuzwa. Ndiyo maana napendelea daftari moja la matabibu wa Jamhuri yote, na mabaraza mawili yaendelee kusikiliza malalamiko ya wagonjwa, kila moja kwake. Aliyefutwa Unguja atakuwa amefutwa Bukoba pia siku hiyo hiyo, na aliyesajiliwa Bukoba hatauliza njiani kama shahada yake ingali na nguvu baada ya kuvuka bahari.